Kabla Hujalipia Mashua ya Mtu

Ukiitwa kwenda kuangalia mashua inayouzwa, kwanza tazama mwezi. Usikubali siku ya maji mafu, bahari isipopwa wala kujaa sana. Pangeni bamvua, mwezi ukiwa umeandama au umepevuka, au siku moja mbili baada ya hapo. Huku kwetu Tanga, na pwani yote kushuka mpaka Dar es Salaam na kuvuka hadi Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne za asubuhi na kujaa kwenye saa kumi za jioni, na kati ya kupwa na kujaa bahari hupanda zaidi ya mita tatu. Asubuhi utakikuta chombo kimekaa mchangani, tumbo lote liko nje, unapita chini yake na kulishika kwa mkono. Alasiri, kabla hujaondoka, unakiona kikielea. Kwa nauli ya siku moja umekiona kikavu na umekiona majini. Muuzaji akikuambia uje jioni maji yakiwa yamejaa, mwambie kwa heshima kwamba utakuja asubuhi, na umsikilize atakavyojibu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nilianza na karai la vibua wa kukaanga nikiwa nyuma ya mama yangu, nikaingia kununua mwenyewe dikoni, pale vyombo vinapoteremshia samaki, nikaweka hisa kwenye chombo cha watu, na leo nina mashua yangu yenye nahodha na mabaharia. Siendi kuvua. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu. Fedha ya kununua ni yangu, lakini atakayekuwa nje ya mwamba saa tisa usiku, upepo wa kusi umegeuka, ubao umeachia, si mimi. Ni kijana wa mtu. Kukikagua chombo vizuri ni haki yake kwangu kabla hajaniletea hata samaki mmoja.

Siku hizi kina mama wengi wananiuliza. Kuna waliojiwekea akiba kwenye VICOBA, kuna waliopata mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa vikundi vya wanawake, na wanataka kununua chombo badala ya kubaki kusubiri bei za watu. Jambo zuri sana, nalifurahia. Ila maswali yao karibu yote ni mawili: bei gani, na mashine ina HP ngapi. Hajapata mtu kuniuliza habari ya mkuku, ule mti mrefu wa chini ulio uti wa mgongo wa chombo.

Usiende peke yako. Chukua fundi wa vyombo, mlipe siku yake, na awe fundi wa diko jingine. Yule aliyekikalafati chombo hicho mwaka jana, yaani aliyeziba mishono ya mbao zake, hatakuambia kazi yake mwenyewe ni mbovu, na fundi jirani wa muuzaji wataendelea kuonana msikitini wewe ukiwa umeshaondoka. Chukua pia nahodha unayetaka akifanyie kazi, kwa sababu mtu atakayelala ndani yake hutazama kwa macho mengine. Bebeni kisu kidogo chenye ncha, nyundo yenye mpini wa mbao, tochi, kitambaa kikavu na kipande cha mkaa. Mkaa nitaueleza.

Mkifika, rudini nyuma hatua kadhaa msimame upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mchutame, mtazame mkuku wote mpaka omo, yaani mbele. Uwe umenyooka. Chombo kikizeeka, au kikizoea kukaa mahali pabaya penye jiwe katikati, omo na tezi hushuka na katikati hubaki juu. Mgongo ukishapinda hivyo, hakuna kalafati itakayoshika, kwa sababu kila wimbi linaufungua mshono uleule. Mimi chombo cha namna hiyo sikiulizi hata bei. Mengine yote nitakayoyasema yana dawa ukiwa na fedha. Hili dawa yake ni kujenga chombo kingine.

Kisha njooni karibu. Ikiwa rangi ni mpya, inuse. Mwenye chombo ana haki ya kukipaka rangi kabla ya kuuza, kama mtu anavyofagia nyumba kabla ya mgeni, na sitamlaumu. Lakini rangi ya juzi inaziba macho yako, kwa hiyo omba ruhusa ya kukwangua mahali patatu, kila mahali ukubwa wa kiganja: karibu na mkuku, chini ya mstari wa maji ubavuni, na kwenye kona ya tezi. Anayejua chombo chake ni kizima atakupa na kisu chake. Anayekataa, mshukuru, ondokeni.

Hapo mlipokwangua, sukumeni ncha ya kisu taratibu. Ubao mzima hukizuia. Ubao uliokwisha hukipokea kama muhogo uliolowekwa, na kikitoka kinatoka na unyevu mweusi. Gongeni kwa mpini wa nyundo, ubao baada ya ubao, mkianzia pale mnapojua ni pazima ili masikio yashike sauti yake. Pazima panalia. Palipoliwa panajibu kwa sauti fupi, nzito, iliyokufa.

Mara nyingi aliyekula ni mdudu. Wavuvi tunamwita mdudu tu, na wengi wanadhani ni funza, lakini kwa asili yake ni jamaa ya chaza. Anaingia kwenye ubao akiwa mchanga mno, tundu lake halizidi kichwa cha pini, halafu anakulia humo humo ndani akichimba njia yake kufuata uzi wa mti. Nje unaona vitundu viwili vitatu visivyo na maana. Ndani mna mifereji ambayo kidole kinapita. Ndiyo maana wazee hawakuacha kupaka deheni, mafuta ya mnyama na chokaa, na kupitisha moto wa makuti chini ya tumbo la chombo, na ndiyo maana chombo kinachopandishwa pwani kikakauka vizuri kila baada ya muda huishi kuliko kile kinachofungwa majini mwaka mzima. Muulize muuzaji anakifunga wapi. Kikiwa ni cha kukaa kwenye mkono wa bahari, katikati ya mikoko, kagua mara mbili. Mdudu huyo mikoko ndiyo kwao.

Sasa misumari. Tafuteni michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye vichwa vya misumari. Mmoja mmoja si neno. Lakini ukiona ubavu mzima unalia kutu, ujue misumari iliyotumika ni ya chuma kitupu, si ile iliyopakwa zinki, au ni ya zinki iliyokwishachakaa, na kutu hiyo haikuishia kwenye msumari. Inauozesha mti unaouzunguka, tundu linapanuka, msumari unabaki umekaa tu haushiki kitu. Fundi wangu huchagua kichwa kimoja akakizungusha kwa koleo. Kikizunguka chenyewe bila ubishi, anatikisa kichwa na kuandika. Kupigilia misumari upya chombo kizima ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi, na si kila ubao utakubali tundu jingine pembeni ya la zamani.

Tazameni na viraka. Kipande cha ubao kilichochongwa vizuri na kukalafatiwa kwa pamba ni matengenezo ya kawaida, chombo kisicho na kiraka huku kwetu ni kile kilichotoka kwa fundi jana. Cha kutia shaka ni bati lililopigiliwa juu ya mpira, saruji iliyosiliwa kwenye mshono, au lami iliyomwagwa kwa wingi. Hivyo ni vitu vya kuvukia wiki, na mara nyingi chini yake mti umeachwa uendelee kuoza.

Ingieni ndani kabla maji hayajageuka. Hapa ndipo watu wanaposimama juu ya mbao za kukanyagia, wakatazama huku na huku, wakasema chombo kikubwa, wakashuka. Zifungueni mbao hizo. Ombeni zitolewe zote, ngama, ile sehemu ya chini kabisa maji yanapotuama, ionekane wazi kuanzia mbele mpaka nyuma. Piteni na tochi taruma moja moja, yaani zile mbavu za ndani za chombo. Taruma zuri limetoka kwenye tawi lililopinda lenyewe porini, mkomafi au mtondoo kwa vyombo vyetu vingi, na uzi wa mti unafuata mpindo wote. Lililokatwa kwenye ubao ulionyooka likalazimishwa kupinda kwa msumeno hupasuka pale pale kwenye kona. Hesabuni yaliyovunjika. Mawili yaliyotengana, moja huku moja kule, yanabadilishwa. Yakiwa manne yamefuatana upande mmoja, chombo hicho kiligonga kitu, au kiliangukia ubavu kikiwa na mzigo, na mnatakiwa mwambiwe ni lini na wapi.

Kuna jambo ambalo wageni wa kazi hii hulishangaa: maji ya bahari hayaozeshi mbao kwa kasi kama maji ya mvua. Chumvi inahifadhi. Mvua ya masika iliyodondokea ndani ya chombo kilichoachwa bila kufunikwa, ikatuama kwenye kona ya omo chini ya sakafu, ikatuama nyuma ya taruma, ikatuama kwenye mwashiri pale mguu wa mlingoti unapokaa, hiyo ndiyo inayokula kutoka juu wakati wewe unakagua chini. Kwa hiyo kisu kifike huko pia. Mwashiri uliooza utauona siku tanga limejaa upepo na mlingoti ukaanza kucheza, na siku hiyo si siku ya kujifunza.

Aina ya mti ulize, lakini usiambiwe tu, fundi akwangue atazame. Mvule, mninga, mbambakofi na mtiki ni miti inayostahimili maji. Huku Tanga tuna bahati ya mitiki ya Longuza kule Muheza, ingawa ubao wake si wa bei ya kila mtu. Mwembe ni rahisi, unachongeka, ngalawa nyingi tumbo lake ni gogo la mwembe, ila hauishi miaka kama hiyo mingine. Sisemi usinunue chombo cha mwembe. Ninasema usikilipe bei ya mvule.

Kufikia saa saba saa nane maji yanakuwa yameanza kukigusa chombo. Kaeni ndani. Ngama iwe imekaushwa kwa kitambaa, tochi mkononi, na msiongee sana. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote katika kununua chombo, kwa sababu hapo hakuna wa kukuambia kitu isipokuwa bahari yenyewe. Maji yataingia. Usishtuke, usinyanyuke ukasema kibovu. Chombo kilichokaa juani wiki mbili tatu mbao zake zimekauka na kupungua, mishono imefunguka, na lazima kinywe kwanza ndipo mbao zivimbe zijibane. Unachokitafuta ni mahali maji yanapoingilia na kama yanapungua. Unyevu unaotoka jasho kwenye mishono ya ubavuni na kupungua kadiri saa zinavyokwenda ni wa kawaida. Maji yanayochuruzika kwenye mshono wa ubao wa kwanza, ule unaokaa juu ya mkuku, na yasiyopungua mpaka jioni, ni habari nyingine. Na maji yanayopanda kupitia tundu la msumari yanakuambia kile ambacho kutu ilikuwa imeshakwambia asubuhi.

Sasa ule mkaa. Jioni kabla hamjaondoka, kifungeni chombo kwenye kina, mahali ambapo hata maji yakipwa usiku hakitakaa mchangani, kaushieni ngama, halafu chora mstari kwenye taruma la katikati pale maji yalipobaki. Kubalianeni na muuzaji kwamba hakuna atakayefua maji usiku, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Nahodha wako alale humo. Asubuhi mnatazama maji yamefika wapi juu ya mstari. Ndoo moja mbili, mashua ya futi ishirini na kitu, ni chombo cha kazi. Kama kijana wako ameamka usiku akafua mara kadhaa ili asilale majini, hivyo ndivyo maisha yake yatakavyokuwa kila safari, na mvuvi anayefua maji havui samaki.

Kitembezeni pia. Kwa tanga, kisha kwa mashine, kwa tanga upande wa joshi, upepo unakotoka, na upande wa demani, unakokwenda, na nahodha awe ndiye anayeshika usukani. Mimi huingia. Wapo wanaosema chomboni si mahali pa mwanamke, nawaitikia salamu zao na ninaingia. Nataka nione usukani haulegei kwenye vyuma vyake, nione chombo hakikimbilii upande mmoja kikiachiwa, nisikie mlio wa mbao mawimbi yakipiga. Kulia kidogo ni kawaida ya mti. Nahodha ndiye atakayekuambia kama kuna mahali panapolia kivyake.

Habari ya mashine ningeweza kuifupisha kwa kusema ichukulie kama kitu kingine kinachouzwa siku hiyo hiyo. Ikague peke yake, ipangie bei peke yake. Nimeona mashua mbovu zikiuzwa ghali kwa sababu ya Yamaha nzuri iliyofungwa nyuma, na baada ya mwaka aliyenunua amebaki na mashine tu, amekaa nayo sebuleni.

Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya mfuniko wake. Iwe baridi. Mashine iliyopashwa moto kabla hujaja huwaka kwa mvuto mmoja, lakini wewe unataka kuona inavyoamka alfajiri ikiwa baridi, kwa sababu ndivyo itakavyotumika. Ikishawaka, tazama inakojoa. Maji yatoke kwa nguvu na bila kukatika, la sivyo pampu ya maji imechoka au njia zimeziba chumvi, na mashine itaungua ikiwa mbali. Toa plagi, fundi mashine apime kompresheni ya kila silinda. Zikaribiane. Mashine yenye silinda mbili ambayo moja iko chini sana ya mwenzake inakimbia kwa mguu mmoja. Fungua skrubu ya chini kwenye giaboksi, itoke oili kidogo: ikiwa imegeuka nyeupe, maji yameingia kupitia sili. Fungua mfuniko utafute chumvi iliyoganda kwenye kona na kwenye nyaya, maana mashine iliyozama ikaokolewa huoshwa nje ikapendeza. Shika mashine itikise, na macho yako yawe kwenye ubao wa nyuma inapofungwa. Ukicheza, umeoza, na hiyo ni hatari ya kupoteza mashine yote majini. Tazama na rafadha, yaani propela, kama mabawa yamepinda au kumeguka.

Na namba. Mashine za kupachika zinaibwa sana pwani, kila mwenye chombo anajua, ndiyo maana vijana wanazibeba begani kuzipeleka nyumbani jioni. Kibati chenye namba kiwepo, hakijakwaruzwa, na kilingane na risiti. Hakuna risiti, hakuna namba, usinunue hata kwa nusu bei. Siku polisi au mwenyewe akija, atakayekutwa nayo ni wewe.

Kwa boti za faiba nina maneno machache, kwa kuwa mimi ni mtu wa mbao. Gonga kwa sarafu badala ya mpini, sikiliza mahali panapojibu kwa sauti bubu, maana huko matabaka yameachana. Tazama malengelenge chini ya mstari wa maji, na nyufa zinazoanzia kwenye kona. Ubao uliofunikwa ndani ya faiba huko nyuma inapokaa mashine huoza bila kuonekana, bonyeza kwa nguvu. Na kuna jambo la pekee: boti nyingi mpya za faiba zimefika kwa wavuvi na vikundi kwa mkopo. Boti ambayo mkopo wake haujaisha si ya huyo anayekuuzia, hata kama anaiendesha kila siku. Omba barua kutoka kwa aliyekopesha.

Hapo tumeshaingia kwenye karatasi. Uvuvi bara unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na chombo cha kuvulia kinatakiwa kisajiliwe na kiwe na leseni. Chukua namba iliyoandikwa ubavuni, nenda nayo ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya kulipa, uliza imeandikwa jina la nani. Usalama wa chombo chenyewe uko chini ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, upande wa bara. Chombo kikiwa kimetoka Unguja au Pemba, huko wanaohusika ni ZMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya Zanzibar, na karatasi zake ni za huko, basi uliza mapema bara watataka nini ili kikubaliwe. Kikiwa kimevuka kutoka Vanga au Shimoni, upande wa Kenya, kuna mambo ya forodha pia.

Kisha nenda BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, ya diko kinakofungwa. Kaa na wazee wa pale, kunywa kahawa, uliza kwa upole. Ofisi ina daftari, lakini diko lina kumbukumbu. Hapo utasikia kama chombo kiliwahi kushikwa. Pwani hii ya Tanga baruti iliitesa kwa miaka mingi, na chombo kilichotumika kwa mabomu kina matatizo mawili: kesi inayoweza kukifuata, na mishono iliyotikiswa na kila mlipuko. Utasikia pia kama mwenyewe alichukua fedha kwa tajiri wa samaki kwa ahadi kwamba kila anachovua atamuuzia yeye. Deni hilo halijaandikwa popote, lakini siku ya kwanza chombo chako kikitia nanga tajiri huyo atakuwa amesimama pale na mzani wake.

Na uliza ni cha nani kweli. Vyombo vingi vinavyouzwa ni vya marehemu. Anayekuja na habari ya kuuza ni mtoto mkubwa, au mdogo wa marehemu, anaongea vizuri na pengine nia yake ni safi. Lakini kwa mirathi ya Kiislamu mjane ana thumuni yake, yaani moja ya nane, watoto wote wana mafungu yao, hata yule wa kike aliyeolewa Korogwe. Taka kumuona msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, na karatasi yake mkononi. Mimi huongeza jambo moja ambalo sheria hainilazimishi: naenda nyumbani kwa mjane, nampa pole, nakaa naye, nasikia kwa kinywa chake kwamba amekubali kuuza. Mara moja nilikuta mama wa watu hajui kabisa kwamba chombo cha mumewe kimetafutiwa mteja. Nilirudi na fedha zangu, na mpaka leo natulia nikikumbuka kwamba nilikwenda.

Bei mtaongea wenyewe, kila diko na kila msimu una yake. Shauri langu ni kwamba fedha uliyonayo usiimalize kwenye ununuzi. Theluthi ibaki kwa ajili ya kalafati, misumari, rangi, kamba, nanga, na majaketi ya kuokolea maisha kwa kila atakayepanda. Majaketi usiyahesabu kama ziada ya kutafuta baadaye samaki wakipatikana. Siku ya kwanza chombo kinatoka, yawe ndani. Fundi akikutajia orodha ya marekebisho, ichukue ilivyo mpeleke muuzaji, soma jambo moja moja mbele yake kwa adabu, kila moja na gharama yake, kisha taja bei yako. Mtu mwenye haki hapo hupunguza. Wakati mzuri wa kununua ni katikati ya kusi, Juni mpaka Agosti, bahari ikiwa imechafuka na vyombo vingi vidogo vimepandishwa. Wenye navyo wanahitaji fedha, wewe unavikuta vikavu, na una miezi ya kutengeneza kabla kaskazi haijaingia.

Malipo yafanyike kwa mafungu mawili, na mauziano yaandikwe ofisi ya serikali ya mtaa au kwa wakili, na mashahidi wa pande zote mbili. Andikeni chombo peke yake na mashine peke yake na namba yake, na nyavu kama zimo, aina na idadi. Fungu la pili lilipwe usajili ukishahamishwa.

Na hapo kwenye usajili, dada yangu, nenda mwenyewe. Chukua kitambulisho chako cha NIDA. Najua kaka yako anawafahamu watu wa ofisi ile, najua mumeo atakuambia usijisumbue na foleni, na najua kikundi chenu kitapendekeza iandikwe jina la katibu kwa kuwa ndiye mwenye nafasi siku hiyo. Chombo kikinunuliwa kwa fedha yako kiandikwe jina lako, na kikinunuliwa kwa fedha ya kikundi kiandikwe jina la kikundi lililosajiliwa. Simama mezani mpaka afisa amalize kuandika, lisome jina herufi kwa herufi, namba ya ubavuni iwe ile ile, ndipo umpigie muuzaji simu umwambie fungu lake la pili liko tayari.